Kichupa cha Kuchungulia

Jumanne, 4 Februari

Baba Chiriku,

Tulikubaliana tusiongelee kazi kwenye simu, maana kwenye simu hakuna anayemsubiri mwenzake amalize, na mara ya mwisho ulinikatia. Usiseme ni mtandao. Basi kuanzia leo kila kifurushi kitakuja na barua, na barua huwezi kuikatia.

Humu ndani utakuta kichupa kimoja cha kahawia, kimezungushiwa utepe mweusi shingoni. Huo ndio unga wetu wa shaba. Nimeupika, nimeuosha, nimeukausha, nikaumulika na kurunzi ya zambarau ndani ya boksi langu. Ukawaka kijani, mume wangu. Nilibaki nautazama kama mjinga mpaka mikono ikalowa jasho ndani ya glavu.

Wenzangu wanaotumia metali ya iridiamu wananicheka. Eti shaba ni ya nyaya na vitasa vya milango, leo itoe mwanga kwenye skrini? Nawaambia iridiamu yenu ni adimu, inatafutwa kwa tochi, na shaba iko kila mahali. Wanacheka tena. Ngoja tu.

Unajua kilichopo. Wageni wa tume ya kukagua kazi wanakuja mwishoni mwa Machi. Wakiikuta taa utakayoiunda kwa unga huu inawaka, na ikabaki inawaka mpaka wanaondoka, kazi yote ya shaba inahamia huko kwenu, na mimi na Chiriku tunahamia nayo. Isipowaka, kazi inafungwa. Wewe unapelekwa kile kiwanda cha mbali, mimi nabaki hapa kuwaoshea vyombo watu wa iridiamu. Mwaka wa tatu huu tunaishi kwa vifurushi. Mwanao anakujua kwa sauti kuliko sura. Juzi aliona picha yako ya zamani akauliza huyo mjomba ni nani.

Sharti ni moja. Usikifungue kichupa nje ya boksi la glavu, lile lililojazwa naitrojeni tupu. Najua unajua, naandika tu kwa sababu mimi ndivyo nilivyo. Shaba hii ikikutana na oksijeni inageuka, inazima, na hata uibembeleze vipi haiwaki tena.

Mkeo,
Mpishi


Jumanne, 11 Februari

Mpishi wangu,

Eti mjomba! Mwambie Chiriku mjomba huyo ndiye aliyempa yale masikio.

Kichupa kimefika salama na unga ulikuwa unawaka kijani safi, mpaka nikacheka peke yangu. Mzee wa Pampu akaniuliza nacheka nini, nikamwambia salamu za mke. Akasema yeye salamu za mke humfanya anyamaze.

Sasa kaa chini. Zamu yangu ya boksi ilifika kesho yake mchana. Nikauweka unga kwenye kikombe cha kauri, tukavuta hewa yote kwenye chumba cha pampu, tukaupasha moto polepole mpaka ukapaa na kujilaza juu ya kioo, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kila kitu kilikwenda kama maji. Nikaunganisha umeme. Taa ikawaka, lakini si kile kijani. Ilikuwa njano iliyochoka, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Halafu yakatokea madoa meusi, moja, mengine, yakaungana. Chai yangu ilikuwa haijapoa, taa imeshazima.

Sikulaumu. Ni ya kwanza. Ila hebu angalia tena unavyouosha. Labda kuna uchafu umebaki.

Pole na kazi. Mbusu mpwa wangu.

Fundi wako wa taa


Jumatatu, 17 Februari

Fundi,

"Hebu angalia unavyouosha." Umeniandikia hivyo kabisa, kwa mkono wako mwenyewe, na ukaenda kulala ukalala.

Nauosha mara tatu. Nauosha kwa vimiminika vilivyochujwa, ndani ya naitrojeni, hakuna hewa ya binadamu inayogusa kitu. Nikipiga chafya nageuka kando, na hapo kuna kioo kati yangu na unga. Uchafu gani huo?

Hata hivyo nimeupika upya, na nimebadilisha kitu. Shaba ikipata nguvu ya umeme hujilaza bapa, na ikijilaza mwanga unapotea bure kama joto. Ndiyo maana tunaizungushia mikono ya kemikali, ili ibaki imesimama. Safari hii nimeipa mikono minene zaidi. Sasa ikitaka kulala haitapata nafasi. Chiriku aliniona nachora akasema inafanana na mtoto aliyevalishwa makoti mawili. Nimemwambia ndiyo hiyo hiyo.

Na wewe sasa nikuulize: pampu yenu inavuta kweli? Maana mara ya mwisho nilipokuja kuwatembelea ilikuwa inakohoa. Kama chumba kinavuja hewa, hata niwatumie jua lenyewe mtalizima.

Chiriku ameng'oka jino la mbele. Alitaka kukutumia, nikamwambia vifurushi hivi ni vya kazi. Amenuna tangu asubuhi.

Mkeo, anayeosha vizuri,
Mpishi


Jumanne, 25 Februari

Mpishi,

Nimemsomea Mzee wa Pampu lile neno lako la kukohoa. Bora nisingemsomea. Ameichomoa pampu, ameifungua yote, ameifuta kila kiungo, ameirudisha, halafu kapita kila mahali na kifaa cha kutafuta mvujo. Hakuna mvujo. Siku nzima hajanisemesha, na mimi ndiye ninayekaa naye chumba kimoja, si wewe.

Na ili tumalize ubishi, tuliazima unga wa iridiamu kwa kundi la jirani. Chumba kile kile, kikombe kile kile, fundi yule yule. Taa ikawaka asubuhi, tukaenda kula, tukarudi, inawaka. Tukafunga ofisi, inawaka. Baadaye tukauweka unga wako wenye makoti mawili. Njano, madoa, giza.

Na inauma, maana kichupa kilipofika ulikuwa mkali kuliko wa kwanza, kijani kinachoelekea bluu. Nikasema sasa hapa tumefika. Kumbe wapi. Sijui unanifanyia mzaha au nini, unga unafika unacheka, ukipanda kwenye kioo unakufa.

Na kazi yenyewe siku hizi ni adhabu. Tangu Januari boksi limewekewa kioo kipya cha plastiki nene, wanasema kwa usalama wa macho, mwanga wa zambarau haupenyi hata chembe. Kurunzi ndani ni marufuku kwa sababu ya betri. Ukiwa na mikono mle kwenye glavu unapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti la mwenzake.

Nimechoka, mke wangu. Pampu nzuri, fundi mzima. Unga wako ndio mbovu. Sipendi kuliandika hilo, lakini ndilo lililobaki.

Mwambie Chiriku alihifadhi lile jino. Nitakuja kulitazama.

Baba Chiriku


Jumatatu, 3 Machi

Baba Chiriku,

Nimeisoma barua yako mara moja tu, nikafika kwenye "unga wako ndio mbovu", nikaikunja.

Sikiliza. Kila nikipika nabakiza kijiko kimoja kwenye boksi langu. Wa kwanza unawaka mpaka leo. Wa pili unawaka. Leo asubuhi nimevimulika vyote viwili, vinang'aa kama vilivyozaliwa jana. Unga ule ule ukija kwako unakufa. Sasa unataka niseme nini, kwamba unakufa kwa hiari yake?

Labda ni dereva wa vifurushi. Labda anaviacha juani. Kwa hiyo nimefunga hiki cha tatu kwa utepe mara mbili, nimekitia kwenye kopo, kopo nimelizungushia sponji, nimeandika juu kwa herufi kubwa ISIPATE JOTO. Dereva kaniuliza kama nimetuma mtoto mchanga.

Mkuu wa maabara yetu aliniita ofisini. Hakufoka, na bora angefoka. Aliongea kwa upole ule wa kumwambia mtu mgonjwa wake hatapona. Kasema watu wengi wenye akili wamevunjwa moyo na shaba na si aibu. Niliondoka pale nimekaza meno mpaka taya likauma. Kuna jambo jingine pia alilonigusia, lakini si la kwenye barua. Tutaongea ukija.

Kichupa hiki kisipowaka sijui nitafanya nini. Nasema kweli, sijui.

Mpishi


Jumatatu, 10 Machi

Mama Chiriku,

Taa ya tatu imekufa. Madoa yale yale. Kichupa kilifika na sponji yake, unga unawaka vizuri kabisa, dereva hana kosa, mwacheni dereva wa watu.

Lakini sikukusudia kuandika kuhusu taa. Nimeongea na Chiriku jana kwenye simu ulipokuwa unaoga. Kaniambia, kwa furaha yake yote, kwamba mtapata nyumba yenye bustani, na yeye atakuwa na chumba chenye dirisha lake mwenyewe, na bosi wa mama ndiye aliyesema. Nikamuuliza nyumba hiyo iko wapi. Kasema hapa hapa, karibu na kazini kwa mama. Nikamuuliza na mimi nitakaa chumba gani. Akafikiri kidogo, akasema wewe baba si una kwako?

Kwa hiyo hilo ndilo "jambo jingine". Wamekupa nafasi kwenye iridiamu, na nyumba juu yake. Na mimi huku navunja mgongo, nagombana na wazee wa watu kwa ajili ya pampu, najitetea kila Ijumaa kwenye kikao kwamba mke wangu hajawahi kukosea mapishi.

Nakuuliza jambo moja na nijibu kama mtu mzima. Umeshakata shauri, sivyo? Mtu aliyeshapata nyumba ana haja gani ya kupika unga unaodumu? Hata mikono yake yenyewe itajua kwamba haina haraka. Sisemi umeharibu kusudi. Nasema labda umeacha kujali, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa, tena na mtoto asiye na jino.

Kama ni hivyo niambie nipumzike. Nitakwenda huko kiwandani kwao na mtanitumia picha za bustani.

Mhandisi


Alhamisi, 13 Machi

Mheshimiwa Mhandisi,

Umesaini "Mhandisi". Mimi niliyekufulia lile koti lako la maabara usiku wa kuamkia harusi yetu kwa sababu hukuwa na shati jingine. Haya bwana.

Nyumba. Ndiyo, Mkuu aliitaja. Alisema kazi ya shaba ikifungwa kuna nafasi kwenye iridiamu, na nafasi hiyo ina nyumba. Chiriku alikuwa amekaa pale mlangoni anachora, na masikio aliyorithi kwako yanasikia mpaka mambo ya chumba cha tatu. Nilimjibu Mkuu kwamba sitaki kuisikia nyumba hiyo kabla ya mwisho wa Machi. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungefanya hiki hiki ulichofanya: kujinunisha, kujitoa, na kujiita mhandisi. Nilitaka ufanye kazi kichwa kikiwa kimetulia. Nilikosea, kichwa chako hakijawahi kutulia.

Nimeacha kujali? Mimi? Nina vidole vilivyokauka mpaka vimepasuka kwa sababu ya glavu. Nimeshindwa kwenda shuleni kwa mwanao mara mbili, mwalimu wake akadhani mtoto analelewa na bibi. Usiniambie tena neno hilo. Wewe nambie kila kitu, niite mbishi, nambie sijui kupika wali, lakini hilo usirudie.

Nililia, halafu nikakasirika kwamba nimelia, halafu nikazitoa barua zako zote nikazipanga mezani, nikitafuta maneno mengine ya kukurushia usoni. Nikazisoma kwa utulivu, mstari kwa mstari, hata zile sehemu nilizoziruka kwa hasira.

Sasa na mimi nakuuliza jambo moja, na unijibu kama mtu mzima.

Barua ya kwanza umesema unga ulifika unawaka kijani safi. Ya pili umesema ulikuwa kijani kinachoelekea bluu, na kweli ulikuwa hivyo hivyo, sikukuambia mimi. Ya tatu, unawaka vizuri kabisa. Vizuri. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba kioo cha boksi lako hakipitishi mwanga wa zambarau, na kurunzi ndani ni marufuku. Kichupa ni cha kahawia, nacho hakipitishi kitu, ndiyo sababu nimekichagua.

Sasa, baba Chiriku, huo mwanga wangu uliuonea wapi?

Mkemia, Maabara ya Misombo


Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Mzee wa Pampu kaniletea chai bila kuombwa, nadhani nilikuwa na sura mbaya.

Stoo. Niliuonea stoo.

Kifurushi kikifika nakichukua mapokezi, naingia stoo ya vioo, nafunga mlango, nazima taa. Nakata utepe, nafungua kifuniko, namulika na kurunzi. Naangalia. Halafu nafunga haraka na kuzungushia utepe mwingine, nakiweka kwenye droo kusubiri zamu yangu ya boksi. Ni kufumba na kufumbua tu. Nilijiambia hewa ya kufumba na kufumbua itamfanya nini mtu.

Najua, usiniambie. Hewa niliyoifungia mle ndani ililala na unga mpaka kesho yake. Juu juu unawaka, ndani unaliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenicheka. Nimemfanya mzee wa watu afungue pampu yake yote kwa ajili ya kitu nilichokifanya mimi mwenyewe stoo.

Unataka kujua kwa nini, na sina jibu la kihandisi. Mwaka wa tatu, mke wangu. Sauti ya kwenye simu inakatika, picha zinachelewa, Chiriku ananiita mjomba. Kile kichupa ndicho kitu pekee kinachotoka mikononi mwako kikafika kwangu kingali hai. Nilikuwa nafungua kukuona. Basi. Nikiwa nje ya stoo najua kanuni zote, nikiingia mle na kichupa mkononi nasahau hata jina langu.

Na kwa yale niliyoyaandika juu ya nyumba na kujali, nisamehe. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa naongea vibaya.

Nimekuwekea kurunzi yangu humu. Kaa nayo. Sijiamini.

Mumeo


Ijumaa, 21 Machi

Mume wangu,

Nilipofika pale kwenye "stoo" nilisimama nikapiga meza mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Mwezi mzima na nusu! Nimebadilisha mikono ya shaba, nimemshuku dereva, nimesemwa na Mkuu kwa upole wake, kumbe bwana mmoja amejifungia gizani anachungulia! Nina hasira na wewe ambazo sijawahi kuwa nazo. Nikuambie ukweli, nilikuwa na hasira hizo mpaka jioni. Halafu nikakumbuka kwamba mimi nimebakiza kijiko kimoja cha kila upishi kwenye boksi langu, na kila asubuhi namulika. Najidanganya kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu za maabara.

Haya. Muda umekwisha na malighafi yangu imekwisha. Kulikuwa na ya kutosha upishi mmoja wa mwisho, nimeupika, na hautapikwa mwingine kabla ya wageni. Humu kuna vichupa viwili.

Chenye utepe mweusi ni cha kazi. Utakiingiza kwenye boksi kama kilivyo, hujakata utepe, hujakitikisa, hujakisemesha. Kama kinawaka au hakiwaki hutajua. Utaniamini tu.

Chenye utepe mwekundu ni chako. Sina uhakika kama ni akili, nimeipunguzia taa yenyewe unga kwa ajili ya ujinga huu, na Mkuu akijua atanifukuza mchana kweupe. Lakini nakujua. Nikikuambia usichungulie bila kukupa cha kuchungulia, utachungulia. Basi kurunzi yako nimekurudishia. Ingia stoo yako, kifungue, kitazame mpaka kizime chenyewe. Usinibakizie.

Chiriku nimemweleza kwamba baba naye anahitaji chumba kwenye nyumba. Kasema baba alale chumbani kwake yeye, ila asikorome.

Mkeo,
Mpishi


Jumamosi, 29 Machi

Mpishi wangu,

Keti. La, simama. Fanya unavyotaka, mimi mwenyewe nimesimama na kuketi mpaka kiti kimenichoka.

Vichupa vilifika. Chenye utepe mweusi nilikipeleka moja kwa moja kwenye boksi, mkono mmoja juu, kama mtu aliyekamatwa. Mzee wa Pampu alinisindikiza kutoka mapokezi. Nilimwomba mwenyewe aniangalie. Alikuwa ameshajua habari ya stoo, nilimwambia, nilimwomba radhi kwa pampu. Kasema amefanya kazi na watu wengi lakini hajawahi kumwona mtu anayemharibu mkewe kwa kumtazama.

Chekundu nilikitia mfuko wa shati.

Juzi asubuhi, siku moja kabla ya wageni, nikaweka unga wako kwenye kikombe, tukavuta hewa, nikaanza kupasha. Umeme ukakatika. Jamani, siku hiyo! Ukarudi kwa kishindo, kipasha joto kikapitiliza, na tulipokuja kukizima, kikombe kilikuwa na masizi ya kahawia. Unga wote. Upishi wa mwisho. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nilikuwa nawaza barua ya kukuandikia. Niliiona bustani ile, na dirisha la Chiriku, na mimi kiwandani.

Mzee wa Pampu akaniambia, hicho mfukoni ni nini?

Nikamwambia hicho ni changu.

Akaniuliza, umekifungua?

Mke wangu, sikuwa nimekifungua. Siku ile ile kilipofika niliingia nacho stoo, nikafunga mlango, nikazima taa, nikashika utepe. Ulikuwa umenipa ruhusa. Nilishika utepe ule nikasimama gizani, halafu nikawaza kwamba nikikifungua kitazima, na nitakuwa nimebaki na kichupa kitupu na kurunzi. Kikiwa kimefungwa, bado uko humo. Nikakirudisha mfukoni. Siku ya pili nikaingia tena, nikatoka tena. Sijawahi kushindwa kufanya kitu kwa raha namna ile.

Basi tukakiingiza kwenye boksi. Nilikata utepe mwekundu ndani ya glavu, nyuma ya ile plastiki, sioni kitu, napapasa tu. Ulikuwa unga kidogo mno. Taa imetoka ndogo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Wageni wakaja. Mmoja alilalamikia viti. Mwingine aliuliza mara mbili kama kuna uwezekano wa kupata pinki. Nikaunganisha umeme, na hapo ndipo nilipouona mwanga wako kwa mara ya kwanza safari hii, pamoja na wengine wote, nikiwa nyuma kabisa kwa sababu mgeni wa pinki alikuwa mrefu. Kijani kinachoelekea bluu. Nilijua ni wewe.

Wakaongea, wakanywa chai, wakabishana kama shaba ni jambo la maana. Hakuna madoa. Wakasimama kuondoka, inawaka. Mkubwa wao akasema taa ni ndogo sana, kazi yetu imechelewa sana, na kwamba wanatupa chumba kimoja cha maabara na mwaka mmoja, wala tusitarajie zaidi, na huyo mkemia aje aanze mara moja kwa sababu haiwezekani kazi ya namna hii kufanywa kwa posta. Nilitaka kumkumbatia. Nilimpa mkono nikausahau mkononi mwake.

Kwa hiyo kilichowaka si kichupa cha kazi. Ni kile cha kuchungulia.

Inawaka ninavyoandika.

Mumeo


Jumanne, 1 Aprili

Mume wangu,

Nimemwambia Mkuu ile nyumba ampe mwingine. Tunafika Jumamosi. Barua hii nimeiandika kwa mazoea tu, maana nina mengi ya kukufokea na nitakuja kuyasema mdomoni, nawe safari hii huna simu ya kukata.

Chiriku anauliza kama ataruhusiwa kuigusa ile taa. Nimemwambia amuulize baba yake, ndiye bingwa wa kutogusa.

Usiizime mpaka tuingie.

Mpishi